Kabla hamjakivunja kiwanda, sikieni habari ya Salts Mill

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba viwanda vya nguo vilivyokufa vibomolewe na viwanja wapewe watu wajenge maduka na maegesho ya magari. Namwelewa. Mtu anayepita kila siku kando ya ukuta uliomea magugu, geti limefungwa mnyororo na mlinzi kajiinamia kwenye kiti cha plastiki, lazima ajiulize eneo lile linamfaa nani. Yupo na mwenzake wa upande wa pili, ambaye kila uchaguzi ukikaribia anataka kiwanda kifufuliwe vilevile kilivyokuwa, king'ora kilie alfajiri na zamu tatu zirudi. Wawili hawa wamebishana kwenye kurasa zenu siku nyingi, mmoja akizungumzia ardhi, mwingine mashine. Jengo lenyewe halina msemaji, nami naomba niliwekee neno.

Nilikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo Kanda ya Ziwa, mpaka tulipoambiwa tukapumzike nyumbani kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo. Siku hizi naishi kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi, katika mji wa Shipley karibu na Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Ukifuata njia ya kando ya mfereji kutoka kwetu, muda si mrefu unafika kijiji cha Saltaire, na hapo ndipo kilipo kiwanda kiitwacho Salts Mill. Mara ya kwanza binti yangu aliniambia tunakwenda kunywa chai. Nilidhani ananitania, maana mbele yangu lilisimama jengo la kiwanda cha nguo, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha yamepangwa kwa mistari hadi macho yanachoka, na dohani yake imechomoza juu ya nyumba zote.

Aliyekijenga ni Titus Salt, tajiri wa sufu wa Bradford. Siri ya utajiri wake fundi wa nguo huielewa upesi. Mwaka 1836 alikuta kwenye ghala moja Liverpool marobota ya manyoya ya alpaka, yule mnyama wa milima ya Amerika Kusini, yamekaa bila mnunuzi kwa sababu uzi wake ulikuwa msumbufu. Salt aliyachukua akahangaika nayo, mwishowe akatanda uzi wa pamba kwa urefu, na alpaka akaifanya mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana. Kitambaa kikatoka chepesi, kinateleza mkononi, kina mng'ao wake, na mabibi wa enzi ya Malkia Victoria wakakigombania. Mtande wa kitu rahisi na imara, mshindio wa kitu kizuri: wafumaji watanielewa.

Kufikia miaka ya 1840 Salt alikuwa na viwanda kadhaa vilivyotawanyika Bradford, mji uliojaa moshi na maji machafu. Mwaka 1849, yeye akiwa meya, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 400 mjini humo. Akaamua kukusanya kazi zake zote chini ya paa moja, kilomita kama tano nje ya mji, mahali ambapo mto Aire, mfereji wa Leeds na Liverpool na reli vinapita sambamba. Ramani ilichorwa na Henry Lockwood na William Mawson, mitambo ikapangwa na mhandisi William Fairbairn. Kiwanda kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku Salt alipotimiza miaka 50, na karamu ikafanyika humohumo ndani kwa maelfu ya wafanyakazi na wageni. Upande wake wa kusini una urefu wa futi 545, yaani mita 166. Banda la kufumia lilikusudiwa kubeba mashine 1,200, zenye uwezo wa kutoa kitambaa cha karibu kilomita 27 kwa siku moja.

Watu husifu mawe na urembo wa jengo lile. Mimi nilivutiwa na mambo mengine mawili. La kwanza, nguvu ya injini za mvuke ilipitishwa kwenye shafti zilizolazwa chini ya sakafu, wakati viwanda vingi vya zama zile viliziweka juu, mikanda ikining'inia vichwani mwa watu. Vumbi likapungua, kelele zikapungua, na mkono wa mtu ukawa salama zaidi. La pili, sakafu za ghorofa zilibebwa na nguzo za chuma cha kusubu na matao ya matofali yenye uwazi ndani, ili moto usikute mbao za kula. Mashine za Salt zimekwisha kwenda zilikokwenda. Nguzo zipo, matao yapo, na leo yamebeba rafu za vitabu.

Pembeni ya kiwanda Salt alijenga kijiji kizima cha wafanyakazi: nyumba zaidi ya 800 za mawe, kanisa, shule, hospitali, nyumba ya kufulia nguo, nyumba 45 za wazee, ukumbi wa mikutano, na bustani ng'ambo ya mto. Mitaa akaipa majina ya mkewe na wanawe, kwa hiyo ukitembea pale unapita kwa Caroline, kwa Amelia, kwa Fanny, kwa Titus mwenyewe. Wanyapara walipata nyumba kubwa kuliko wafumaji, na ukiangalia milango bado unaona nani alikuwa nani.

Simsifu Salt kupita kiasi. Nyumba ilikuwa mali ya mwajiri, na mtu aliyelala kwenye nyumba ya mwajiri hafungui mdomo sana kazini. Watoto walifanya kazi nusu ya siku na kusoma nusu iliyobaki, kama sheria ya wakati ule ilivyoruhusu. Pombe hakutaka iuzwe kijijini. Leo kuna baa iitwayo Don't Tell Titus, yaani msimwambie Titus, na jioni za Ijumaa hujaa.

Salt alifariki Desemba 1876. Kuanzia hapo habari ya kiwanda ni ya kupita mkononi mwa huyu na yule, na hapo ndipo nataka wasomaji wanisikilize, kwa sababu kwetu tunadhani kiwanda kufa ni jambo la mara moja, kama ajali ya basi. Mwaka 1887 mwanawe, Titus mdogo, aliandaa maonyesho makubwa pale kijijini, yakaleta hasara, naye akafariki mwaka huohuo. Mwaka 1890 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za nje, na Bradford yote iliyokuwa ikiuza vitambaa huko ikatikisika. Mwaka 1892 kampuni ya familia ikaingia mikononi mwa wafilisi. Wafanyabiashara wanne wa Bradford wakainunua, mmoja wao James Roberts, aliyeiendesha vizuri kwa miaka mingi kabla ya kuiuza mwaka 1918. Mwaka 1933 wenye kiwanda waliziuza nyumba za kijiji, zikaacha kuwa mali ya mwajiri. Mwaka 1958 kiwanda kikamezwa na kampuni kubwa zaidi ya nguo, Illingworth Morris.

Katika miaka hiyo waliobadilika zaidi walikuwa wafanyakazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Bradford vilikosa mikono, wakaja Wapolandi, Waukraine, Waitaliano, kisha wanaume wa Pakistani ambao wengi waliwekwa zamu ya usiku. Jirani yetu ni mmoja wao, mzee kutoka Mirpur aliyefanya kazi kwenye viwanda vya sufu vya hapa mpaka kimoja baada ya kingine vikafungwa. Kiingereza changu na chake havikutani vizuri, lakini sote wawili masikio yaliharibiwa na mashine, kwa hiyo tunapiga kelele uani na kuoneshana kwa mikono, mpaka binti yangu anatoka kuangalia kama tunagombana. Nilimwonesha kwa vidole jinsi uzi wa mtande unavyokatika na mfumaji anavyoufunga haraka mashine isilale. Akanishika mkono, akanirekebisha fundo. Wao walifunga kwa namna nyingine, na nikiri, fundo lake ni dogo kuliko letu.

Februari 1986 Salts Mill kikafungwa. Mahali pale palikuwa na kila dalili ya kuwa gofu: jengo kubwa mno, biashara ya nguo inakimbilia Asia, na kila aliyepiga hesabu aliona kuezeka upya tu kungemfilisi. Mwaka 1987 akalinunua mtu mmoja, Jonathan Silver, mzaliwa wa Bradford aliyepata pesa zake kwenye maduka ya nguo. Alichokifanya ndicho kilichonifanya niandike barua hii.

Silver hakungoja jengo lote likarabatiwe. Mwaka huohuo wa 1987 alifungua ukumbi wa picha kwenye ghorofa ya chini, akauita 1853, akaning'iniza kazi za David Hockney, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa Bradford mwaka 1937 na ambaye Silver alijuana naye tangu akiwa mwanafunzi. Picha hazilipi bili ya paa la ukubwa ule. Kwa hiyo sehemu nyingine kubwa za jengo alizipangisha kwa wenye kazi za pesa. Maarufu kati yao ilikuwa kampuni ya Pace, iliyotengeneza ving'amuzi vya televisheni za setilaiti. Ndugu msomaji, kwenye sakafu alizofumia alpaka Titus Salt, watu waliunganisha ving'amuzi! Huku picha za mwanasanaa, kule kodi ya ving'amuzi, na jengo likapata pumzi. Baadaye vikaongezeka duka la vitabu, mgahawa, maduka ya samani na ofisi. Jengo la jirani, lililoongezwa na Salt mwaka 1868 na kuitwa New Mill, likagawanywa kuwa nyumba za kuishi na ofisi za idara ya afya.

Silver alifariki kwa saratani mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 47 tu, na familia yake ikaendelea. Mwaka 2001 UNESCO ikaiweka Saltaire yote, kiwanda na kijiji, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Angalieni mpangilio wa tarehe: jengo lilipangishwa kwanza, heshima ya dunia ikaja miaka 14 baadaye. Kwetu tungeanza na kamati ya kuomba heshima.

Kuna jambo dogo la reli ambalo watu husahau. Kituo cha treni cha Saltaire kilifungwa mwaka 1965 na kikafunguliwa tena mwaka 1984, miaka miwili kabla kiwanda hakijafungwa. Silver alinunua jengo ambalo treni inasimama mlangoni. Viwanda vyetu vingi navyo vilijengwa kando ya reli, ziwa au barabara kuu, kwa sababu pamba ilibidi ifike na vitambaa vitoke. Mahali hapo bado pana thamani, na ndiyo maana wenye fedha wanapamezea mate.

Msidhani Bradford waliokoa kila kitu. Lister's Mill, kilichojengwa miaka ya 1870 kwa ajili ya hariri na mahameli, kina dohani ya mita 76 inayoonekana mji mzima. Mgomo wa wafanyakazi wake wa mwaka 1890 hadi 1891 ulichangia kuzaliwa kwa chama cha siasa cha wafanyakazi, Independent Labour Party, kilichoanzishwa Bradford mwaka 1893. Kilifungwa mwaka 1992, kikakaa kitupu zaidi ya miaka kumi, njiwa wakitamba, ndipo sehemu yake ikageuzwa nyumba za kuishi. Hicho kilibahatika. Drummond Mill, pia cha Bradford, kiliungua Januari 2016 na kilichobaki kikabomolewa. Dalton Mills cha mji jirani wa Keighley kikaungua Machi 2022. Vyote vilikuwa vya enzi ya Victoria, na vyote vilikuwa vimekwisha poteza kazi yake ya zamani na kubaki bila watu wa kutosha ndani.

Kiwanda chetu hakikuungua. Kiliondoka kidogokidogo. Kwanza nyaya za shaba, kisha mota, kisha mashine zikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, nyingine zikiwa bado na uzi juu yake. Baadaye mabati ya paa la nyuma. Masika ya kwanza maji yakaingia kwenye banda la kufumia, sakafu ikavimba na kupasuka. Nani aliruhusu na nani alikula, hilo siliandiki hapa, na waliokuwepo wanajua. Ninachosema ni kwamba jengo lile halikuzeeka. Lilikuwa changa kuliko mimi.

Pale Salts Mill huwa napenda kutembea pembezoni, mbali na watu wenye vikombe vya kahawa, nikiangalia chini. Kuna mahali sakafu ya mawe ina doa jeusi la mafuta lisilotoka, na matundu yaliyozibwa ambayo kwa macho yangu ni ya bolti. Ukisimama katikati yake unajua mfumaji alisimama wapi, mgongo wake ulielekea upande gani na mwanga ulimjia kutoka dirisha lipi. Waliopaka rangi kuta wangeweza kusaga lile doa likaisha. Wameliacha.

Lawama yangu kwa Salts Mill ni kwamba kimekuwa kimya mno. Unanusa maua ya yungiyungi waliyoyaweka ukumbini, unasikia muziki, lakini mashine inayotembea huioni. Ukitaka kusikia sauti halisi ya kufuma inabidi uende Moorside Mills, mtaa wa Eccleshill, ambako kuna makumbusho ya viwanda ya Bradford na mashine huwashwa wageni wasikie. Nilipozisikia nilisogea karibu kuliko kamba inavyoruhusu, na kijana mlinzi akaniomba nirudi nyuma kwa adabu kubwa. Lawama nyingine ni bei. Nyumba zilizojengwa kwa wafumaji sasa wanaishi watu wa ofisini wanaopanda treni kwenda Leeds, na mjukuu wa mfumaji anatafuta nyumba kwingine. Hayo tuyajue mapema tusije tukayanakili pamoja na mazuri.

Naujua ubishi utakaonijia: hayo ni ya Ulaya, wana fedha na watalii. Basi tusiende mbali. Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 ndani ya godauni la eneo la viwanda. Dar es Salaam, wasanii wa kituo cha sanaa kiitwacho Nafasi wanafanya kazi Mikocheni tangu mwaka 2008. Na kwa haki ya yule ndugu anayetaka mashine zirudi, Eldoret kiwanda cha nguo cha Rivatex kilifufuka baada ya Chuo Kikuu cha Moi kukinunua mwaka 2007. Iwapo yupo mnunuzi wa namna hiyo, mfungulieni geti. Ninawazungumzia wale ambao mnunuzi wao hajaonekana.

Mwingine atasema majengo yetu ni mabanda ya zege na mabati, hayana sura ya kuwekwa kwenye kadi ya posta. Hajaingia ndani. Banda la kufumia lina paa la meno ya msumeno, vioo vyake vimepangwa ili mwanga uingie bila jua kumpiga mfanyakazi usoni. Nguzo zimeachana vya kutosha gari kupita. Sakafu imejengwa kubeba tani za chuma zinazotetemeka usiku na mchana. Mafundi cherehani wanaobanana kwenye vibaraza sokoni, mchana wakiwasha taa, wangefaidika kiasi gani na mwanga ule? Na wachonga samani wanaofanya kazi chini ya mwembe, mvua ikija wanafunika makabati kwa turubai?

Kwa hiyo nawaomba wanaoshika funguo za viwanda hivyo, wawe serikalini au wawe watu binafsi, wasituletee ramani ya rangi yenye miti na chemchemi. Waanze na paa. Kama ni la asbesto, waliondoe wanaojua kazi hiyo, wasipewe vijana wa kibarua bila barakoa. Kisha wafungue banda moja tu, lenye maji, umeme na choo, wapangishe kwa mkataba wa mwaka mmoja kwa kodi ya kawaida. Mpangaji akatazwe kukata nguzo na kuvunja ukuta, mengine aachiwe. Kodi ya banda la kwanza iezeke la pili. Mashine iliyobaki, hata kama ni moja na haifanyi kazi, isiuzwe kwa kilo. Iwekwe mlangoni, na aajiriwe mzee mmoja wa kuieleza. Tupo, na hatuna bei kubwa.

Na kwako Mhariri, nina ombi dogo. Waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo wana picha majumbani: za mashindano ya mpira kati ya idara, za Mei Mosi, za siku mgeni wa heshima alipokuja tukavaa ovaroli mpya. Mkitenga nusu ukurasa kwa wiki mkazichapa na majina ya mabanda, mtashangaa zitakavyomiminika. Yangu moja nimeipiga picha kwa simu ya binti yangu na kuiambatanisha na barua hii. Aliyesimama kushoto ameshika spana ni mimi. Mashine iliyo nyuma yetu ilikuwa namba saba, banda la pili, na kama kuna anayejua ilikokwenda, aniandikie kupitia kwenu.

Wako msomaji,
Fundi mstaafu,
Shipley, Uingereza